Dawa za asili za nguvu za kiume: namna ya kuzijaribu hatua kwa hatua bila kujimaliza

Maswali yanayonifikia kuhusu nguvu za kiume yanafanana kiasi kwamba ningeweza kuyaandika kabla sijayafungua. Mtu amenunua unga sokoni, akauchanganya na unga aliopewa na rafiki, akaongeza tangawizi, asali, kitunguu saumu na mbegu za tikiti, akanywa wiki moja. Kama mambo yamekaa sawa, hajui ni kipi kilichomsaidia. Kama hayajakaa sawa, hajui aache kipi. Na karibu kila mara hajapima sukari wala presha.

Mwongozo huu ni wa mwanaume ambaye uume wake hausimami vizuri, au unasimama kisha unalegea katikati ya safari. Anayewahi kufika kileleni ana sehemu yake huko mbele, maana tiba yake ni nyingine. Anayetafuta mzizi au mafuta ya kuongeza ukubwa wa uume, tulimalize hapahapa: haupo, na hayapo.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, ila simu hukamatwa na watoto wanaotaka gemu.
- Kipimo cha presha na kipimo cha sukari. Si lazima ununue. Zahanati na maduka mengi ya dawa wanapima kwa bei ndogo.
- Utepe wa fundi cherehani.
- Kijiko cha chai, kilekile kila siku. Mizani ndogo ya jikoni ni bora zaidi.
- Chupa ya kioo, kavu, yenye kifuniko kinachobana.
- Majina ya dawa zote za hospitali unazotumia, pamoja na za mafua na za maumivu.
- Mti mmoja wa dawa. Mmoja tu, na usiununue mpaka ufike hatua ya 5.
- Muda wa wiki 12. Ukiona ni nyingi, jiulize umeshapoteza miezi mingapi ukirukaruka kutoka unga mmoja hadi mwingine.

## Hatua ya 1: Jua shida yako ni ipi

"Sina nguvu" ni jina moja linalofunika mambo matatu. La kwanza, hamu ya tendo imepungua. La pili, hamu ipo ila uume hausimami au haudumu. La tatu, unasimama vizuri lakini unamaliza mapema. Muuza dawa anayekupa chupa moja kwa yote matatu hajakusikiliza.

Kisha angalia asubuhi. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara kadhaa akiwa usingizini, na mara nyingi huamka hivyo. Kama asubuhi uume ni imara ila unakuangusha ukiwa na mwenzako, mabomba yanafanya kazi. Shida huwa zaidi kwenye hofu, ugomvi wa nyumbani, madeni, uchovu, au kumbukumbu ya siku uliyoshindwa. Kama hata asubuhi hakuna kitu kwa wiki kadhaa, shuku mwili: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, homoni, au dawa unazotumia. Kipimo hiki si cha uhakika wote, lakini hakina gharama.

Sasa fungua daftari. Madaktari wana kipimo rahisi cha ugumu wa uume, nasi tutakitumia:

- 0: haukuvimba kabisa.
- 1: umevimba lakini si mgumu.
- 2: ni mgumu lakini hautoshi kuingia.
- 3: unatosha kuingia lakini si mgumu kamili.
- 4: ni mgumu kamili.

Andika alama kila asubuhi na kila mara unapojaribu tendo, kwa wiki mbili, kabla hujanywa dawa yoyote. Pembeni andika kama ulikunywa pombe na ulilala saa ngapi. Hii ndiyo hatua inayorukwa na watu wengi kuliko zote, na bila hiyo hutajua kama dawa imekusogeza kutoka 2 hadi 3 au ni furaha ya siku moja tu.

Ukifanikiwa: una wiki mbili za namba kwenye karatasi na unaweza kusema kwa sentensi moja shida yako ni ipi.

## Hatua ya 2: Pima sukari, presha na kiuno

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Mafuta na uharibifu wa sukari vikianza kuziba mishipa, ile myembamba ndiyo inayolia kwanza. Ndiyo maana kwa wanaume wengi uume hugoma miaka kadhaa kabla ya moyo kuanza kuuma. Anayenyamazisha dalili hiyo kwa mizizi anaweza kuwa amefunika taarifa ya ugonjwa wa moyo.

Nenda asubuhi kabla ya kula. Namba za kuangalia ni hizi:

Sukari ikiwa 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi kabla ya kula, na ikarudia hivyo siku nyingine, hicho ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 upo mlangoni. Presha ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, ni presha ya juu. Kiuno kipimwe usawa wa juu kidogo ya kitovu ukiwa umetoa pumzi. Kikizidi sentimita 94 anza kupunguza, kikizidi 102 hatari imekuwa kubwa.

Kama hamu yenyewe ndiyo imekufa, omba pia kipimo cha testosteroni. Damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kwa sababu homoni hiyo hupanda asubuhi na kushuka jioni. Kipimo cha saa 9 alasiri kinaweza kukupa jibu la uongo.

Ukikuta sukari au presha iko juu, anza tiba ya hospitali kwanza. Hakuna mti utakaoshinda sukari ya 14.

Na hapa ndipo pa kuanzia mazoezi, kabla ya unga wowote: kutembea haraka dakika 40, mara nne kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Tafiti zilizokusanywa kuhusu mazoezi na uume zinaonyesha kiwango hicho kwa miezi sita husaidia, hasa kwa wenye kitambi, presha au kisukari. Sigara nayo iachwe, kwani hubana mishipa ileile unayotaka ifunguke. Najua hakuna anayetaka kusikia habari ya kutembea wakati alikuja kuuliza mizizi. Lakini likilinganishwa na mizizi na unga wote ulio kwenye ukurasa huu, hili ndilo lenye ushahidi mzito zaidi.

Ukifanikiwa: namba tatu zimeandikwa daftarini, na hakuna iliyo kwenye hatari bila tiba.

## Hatua ya 3: Pitia dawa unazotumia

Baadhi ya dawa za hospitali ndizo zinazolegeza uume. Zinazotajwa sana ni za presha za kundi la bendrofluazaidi, propranololi na atenololi, spironolaktoni, dawa nyingi za sonona, na haloperidoli. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Rudi kwa daktari useme, "Dokta, tangu nianze kidonge hiki uume umelegea, naomba tuangalie kingine." Mara nyingi kipo.

Kisha kuna michanganyiko ambayo ni hatari:

Dawa za moyo za nitrati. Ni kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, au isosobaidi. Ukizitumia, usiguse dawa yoyote ya nguvu za kiume isiyojulikana ndani yake kuna nini. Sababu utaiona hatua ya 5: unga mwingi huwa na sildenafili iliyofichwa, yaani dawa iliyo ndani ya Viagra, na sildenafili ikikutana na nitrati presha inaporomoka kiasi cha kuua.

Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini. Kitunguu saumu kingi, tangawizi nyingi, uwatu na ginsengi vyote vinaweza kuvuruga kazi yake.

Insulini na vidonge vya sukari kama glibenklamidi. Uwatu na ginsengi hushusha sukari pia. Vikijumlishwa unaweza kutetemeka, kutokwa jasho na kuanguka.

ARV zenye ritonaviri, ambazo mara nyingi hupewa walio kwenye dawa za mstari wa pili. Ritonaviri huzuia ini kuiondoa sildenafili, hivyo dozi ndogo iliyofichwa kwenye unga inageuka kubwa. Juisi ya balungi nayo ina tabia hiyo kwa kiasi chake.

Dawa za tezi dume kama tamsulosini, kwa sababu nazo hushusha presha.

Ukifanikiwa: una orodha ya dawa zako na umemuuliza mfamasia kuhusu kila moja. Kama upo kwenye nitrati, safari yako ya mitishamba inaishia hapa. Nenda kliniki ya moyo.

## Hatua ya 4: Chagua mti mmoja

Niseme nionavyo, mmoja mmoja, bila kupamba.

Uwatu. Huu ndio ningeanza nao kwa mtu ambaye hamu imepungua. Kuna majaribio kwa binadamu, ingawa mengi yalitumia dondoo ya kiwandani, yaliyoonyesha hamu kupanda. Ni chakula, unapatikana kila duka la viungo, na mbegu yake unaijua ukiiona. Mwenye aleji ya karanga au dengu awe mwangalifu, ni jamii moja. Usishtuke jasho na mkojo vikinukia utamu.

Ginsengi ya Kikorea. Ndiyo iliyofanyiwa tafiti nyingi zaidi kwa kusimama kwa uume. Zilizokusanywa na kuchambuliwa kwa ukali zinaonyesha faida ndogo mno. Huweza kukosesha usingizi. Ukiitaka, nunua duka la dawa lenye kibali, si kwenye begi la mtembezaji.

Mukombero. Mzizi wa Mondia whytei, unaotafunwa sana Kakamega na magharibi mwa Kenya, na Waganda huuita mulondo. Una harufu nzuri kama ya vanila, na panya wa maabara wameonyesha matokeo ya kuvutia. Kwa binadamu hakuna dozi iliyothibitishwa. Kipande cha kutafuna kinachoonekana kuwa mzizi ni salama kuliko unga wake, kwa sababu unga huwezi kuutambua.

Tikiti maji. Lina sitrulini, ambayo mwili huigeuza kuwa kitu cha kufungua mishipa. Jaribio moja dogo lilitumia gramu 1.5 za sitrulini kwa siku kwa wanaume wenye tatizo dogo, na wengine walipata nafuu. Kwa tikiti lenyewe ungehitaji karibu kilo nzima ya nyama yake kila siku. Mwenye kisukari asijaribu.

Tangawizi na kitunguu saumu. Ni vyema jikoni. Kitunguu saumu hushusha presha kidogo. Kwamba vitasimamisha uume, ushahidi kwa binadamu ni mwembamba. Anayetafuna vitunguu saumu vibichi kumi asubuhi atapata kiungulia na mke atahamia chumba cha watoto.

Karanga mbichi, nazi na muhogo. Ni chakula cha nguvu, basi. Ila kagua karanga: zilizokunjamana, zenye ukungu au uchungu zinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo hula ini. Supu ya pweza nayo inywe kwa raha zako. Ni protini na chumvi na maongezi mazuri ya jioni.

Mwiri. Gome la Prunus africana hutumika kwa wazee wanaoamka kukojoa usiku kwa sababu ya tezi dume iliyokua. Linaweza kupunguza shida hiyo ya mkojo kiasi. Halisimamishi uume, hata kama muuzaji anaviunganisha. Mti huu umeingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya kuchunwa ovyo, hivyo hata gome la kweli huwa adimu.

Za kuacha kabisa. Yohimbe, gome kutoka misitu ya Kameruni, Gaboni na Kongo: hupandisha presha, huufanya moyo uende mbio, huleta woga wa ghafla. Mzizi mtamu wa likorisi kwa wingi: hupandisha presha, hushusha madini ya potasiamu, na unaweza kupunguza testosteroni, yaani kinyume cha ulichokuja kutafuta. Mizizi iliyolowekwa kwenye pombe kali: hujui dozi ya mzizi wala ya pombe, na pombe yenyewe hulegeza.

Ukifanikiwa: umetaja mti mmoja kwa jina lake, na umehakikisha haugombani na orodha ya hatua ya 3.

## Hatua ya 5: Kagua unga na anayeuuza

Kati ya mwaka 2007 na 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliorodhesha virutubisho 776 vilivyochanganywa kwa siri na dawa za hospitali. Karibu nusu vilikuwa vya nguvu za kiume, na ndani ya hivyo dawa iliyofichwa mara nyingi zaidi ilikuwa sildenafili, ileile iliyo ndani ya Viagra. Kiwandani huko kuna wakaguzi na maabara. Fikiria unga unaofungwa kwenye karatasi ya nailoni stendi ya mabasi.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mti uliokaushwa na kusagwa ukifanya kazi ndani ya dakika 30 hadi 60, shuku kwanza kidonge kilichosagwa. Mitishamba ya kweli, ile inayosaidia, huchukua wiki kadhaa.

Dalili nyingine za sildenafili iliyofichwa ni kichwa kuuma, uso kuwaka moto, pua kuziba, kiungulia, na wengine huona rangi ya bluu machoni. Nguvu hudumu saa nne hivi. Kama nguvu imekaa siku nzima mpaka kesho yake, na mgongo na misuli vinauma, huenda ni tadalafili, ambayo hufanya kazi hadi saa 36. Unga maarufu unaouzwa kwa jina la vumbi la Kongo uingize kwenye mtihani huohuo, uwe wa kulamba au wa kupaka. Wa kupaka ukikufisha ganzi, ndani yake huenda mna dawa ya ganzi, na ganzi hiyo itamhamia mwenzako.

Muulize muuzaji kwa heshima, na sikiliza jibu:

"Shikamoo mzee. Naomba kujua, humu mna mti gani?"

"Marahaba. Mizizi tu, mjukuu wangu."

"Mizizi ya mti gani, mzee?"

"Ya porini huko."

Ukipata jibu hilo, shukuru, aga, ondoka. Mganga anayeijua kazi yake atakutajia mti kwa jina la kwao, atakuonyesha mzizi kabla haujasagwa, atakuuliza kama una presha, na atakwambia nani hatakiwi kuutumia. Wapo wa namna hiyo, na nawaheshimu.

Tanzania, waganga, vituo na dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Omba kuona cheti na namba ya usajili wa dawa yenyewe. Cheti cha mtu si cheti cha chupa, na wauzaji wengi huonyesha kimoja ukidhani umeona vyote. Kenya, dawa za mitishamba zilizofungashwa husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Kwenye pakiti tafuta jina la mti, uzito, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na anwani. Maneno "asilimia mia asili, haina madhara" hayahesabiki kama taarifa.

Ukifanikiwa: unajua jina la mti, umeuona kabla haujasagwa au una namba ya usajili inayosomeka.

## Hatua ya 6: Andaa dawa mwenyewe

Nitachukua uwatu kama mfano, kwa kuwa ni rahisi kuutambua na mgumu kuchakachuliwa ukiwa mbegu nzima.

1. Nunua mbegu nzima, robo kilo. Mbegu nzuri ni ngumu, za rangi ya manjano iliyoelekea kahawia, zina pembe, na ukitafuna moja inaacha uchungu na harufu ya bizari. Zikiwa na vumbi la kijani au harufu ya chumba kilichofungwa, acha.

2. Mwaga kwenye ungo, peta, chambua mawe. Meno yako yatakushukuru.

3. Osha haraka kwa maji safi, chuja, tandaza kwenye kitambaa juani. Zikauke mpaka zigonge kama changarawe ukizitikisa mkononi. Unyevu ukibaki, unga utaota ukungu chupani.

4. Kaanga bila mafuta, moto mdogo, dakika mbili au tatu, ukikoroga. Harufu ikigeuka kuwa ya karanga, epua. Zikiungua na kuwa nyeusi, uchungu wake hautanyweka.

5. Acha zipoe kabisa kisha saga. Ukisaga za moto, mvuke unabaki ndani ya unga.

6. Chekecha, tia kwenye chupa kavu, andika tarehe. Tumia ndani ya miezi miwili.

Dozi: anza na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, asubuhi, kwenye uji au maji ya uvuguvugu, pamoja na chakula. Baada ya wiki moja, tumbo likikubali, ongeza kijiko kimoja jioni. Usizidishe hapo. Tumbo kujaa gesi au kuharisha kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Kukiendelea, rudi kijiko kimoja.

Kama unatumia vidonge vya sukari na daktari amekuruhusu, pima sukari mara nyingi zaidi wiki mbili za kwanza, na weka kitu kitamu mfukoni.

Ukifanikiwa: unga ni mkavu, unamwagika bila kushikana, na siku ya kumi tumbo limetulia.

## Hatua ya 7: Tumia wiki nane, na andika

Endelea na alama zilezile za 0 hadi 4. Usiongeze mti mwingine katikati. Rafiki atakuletea kitu. Kipokee, kiweke kabatini.

Wiki mbili za kwanza usitegemee chochote. Wiki ya nne, hesabu wastani wa alama zako na uulinganishe na zile wiki mbili za mwanzo. Wiki ya nane fanya hivyo tena. Kupanda kutoka alama 2 hadi 3 ni mafanikio ya kweli, kwa sababu ndiyo tofauti ya kushindwa na kuweza.

Mwambie mwenzako. Wanaume wengi hunywa dawa kwa kujificha bafuni, na hofu ya kugunduliwa inaua kile ambacho dawa ingeamsha. Maneno machache yanatosha: "Mama watoto, nimeona mwili haujakaa sawa, nimepima na nimeanza kujitibu. Naomba tupunguze haraka."

Sambamba na hilo fanya zoezi la misuli ya nyonga. Bana kana kwamba unazuia mkojo na hewa kwa pamoja, uume uonekane kupanda kidogo, shikilia sekunde 5, achia sekunde 5. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Ukizoea fika sekunde 10. Usibane pumzi, usikaze tumbo wala makalio, na usifanye wakati unakojoa. Katika jaribio moja la Uingereza lililochapishwa mwaka 2005, wanaume 40 katika kila 100 walirudi kwenye hali ya kawaida baada ya miezi sita na wengine 35 walipata nafuu. Sijaona unga wowote wa sokoni wenye namba za namna hiyo.

Utaniambia zoezi litavuruga jaribio la uwatu. Ni kweli, hutajua kwa uhakika ni kipi kilisaidia. Hapo nakubali kupoteza uhakika kidogo, maana zoezi halina gharama wala madhara.

Ukifanikiwa: una namba za wiki nane, na hakuna siku uliyokunywa kitu kisicho daftarini.

## Anayewahi kufika kileleni

Wanaume wengi wanaojiona wanawahi wako kawaida. Utafiti uliofanywa kwa saa ya kuhesabia katika nchi tano ulipata muda wa katikati wa dakika 5.4 tangu kuingia. Video za mitandaoni zimewadanganya. Ni tatizo la kitabibu kama tangu ujana unamaliza ndani ya dakika moja hivi karibu kila mara, au kama ulikuwa sawa kisha muda ukashuka hadi dakika tatu au chini, na unakukera.

Jaribu njia ya kuanza na kusimama. Ukiwa peke yako, au mkono wa mwenzako ukisaidia, fika karibu na kilele, acha kabisa mpaka msisimko ushuke, anza tena. Fanya mara tatu, ya nne ndiyo umalize. Wiki kadhaa za hivyo, kisha hamia kwenye tendo lenyewe, mwenzako akiwa juu na akielewa ishara ya kusimama. Zoezi la nyonga la hatua ya 7 nalo husaidia. Dawa za kupaka za ganzi zipo hospitalini zenye kipimo kinachojulikana. Za mtaani ziache.

## Hatua ya 8: Soma matokeo, na ujue wakati wa kukimbia

Alama zikipanda, endelea hadi wiki 12, kisha acha mti kwa wiki mbili huku ukiendelea na mazoezi. Alama zisiposhuka, mti huuhitaji tena. Zikishuka, una sababu ya kuurudia.

Zisipopanda kufikia wiki ya nane, acha mti huo. Usiongeze dozi. Nenda hospitali uombe dawa halisi: sildenafili imekuwapo tangu 1998, siku hizi ipo ya bei nafuu, na ikitolewa kwa kipimo na daktari aliyekukagua moyo huwasaidia takriban wanaume saba katika kila kumi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuinywa ukijua ni miligramu 50 na kuilamba kwenye unga bila kujua ni ngapi.

Nenda hospitali saa hiyohiyo ukiona lolote kati ya haya:

- Uume umesimama kwa saa nne na hautaki kulala. Usione aibu, usisubiri kukuche. Damu iliyotuama huua nyama za ndani na unaweza usisimame tena maishani.
- Kifua kinabana, jasho jembamba, au unazimia.
- Jicho limeona giza ghafla, au sikio limeziba ghafla.
- Macho yamekuwa ya njano au mkojo umekuwa kama chai ya rangi.
- Usaha kwenye uume, kidonda, au korodani kuuma na kuvimba. Hayo si mambo ya mitishamba hata siku moja.

Ukifika mapokezi, sema kabla hujaulizwa: "Nimetumia dawa ya nguvu za kiume, jana saa 3 usiku, hii hapa." Toa pakiti au chupa. Mgonjwa wa kifua akificha hilo, muuguzi anaweza kumwekea nitrati chini ya ulimi akidhani anamwokoa. Taja na muda, maana sildenafili inahitaji saa 24 kabla ya nitrati na tadalafili saa 48, na unga usiojulikana uhesabiwe kama tadalafili.